Mgeni Asiyepewa Jembe

Hakuna mizani iliyo nyepesi kutumika, wala iliyo zembe katika hukumu zake, kama jicho la jamaa. Mtu akirejea kwao baada ya safari ya mwaka mmoja au miwili, hupimwa toka utosini hata unyayoni kabla hajatua mzigo wake. Akiwa amejaa mashavu na shingo husemwa kuwa amenawiri. Akiwa amepungua huulizwa, kwa sauti ya matangani, ni maradhi gani yaliyompata au ni nani aliyemnyima chakula. Mizani hii hutumiwa kwa watoto, kwa maharusi na kwa watu wa makamo, lakini kwa wazee ukali wake umepita kiasi. Mwili wa kijana ni mali yake mwenyewe. Mwili wa mzee, katika nyumba nyingi za pwani na za bara, umekuwa daftari ambamo majirani husoma hesabu ya wema wa wanawe.

Hapo ndipo penye shtaka. Mzee wa leo aliyejaliwa watoto wenye uwezo aghalabu halishwi kwa sababu ana njaa, wala hakalishwi kitini kwa sababu amechoka. Hulishwa na kukalishwa ili watoto wake wasisemwe. Kinachonenepeshwa ni jina la nyumba, na gharama yake hulipwa kwa magoti, moyo na mishipa ya damu ya mtu ambaye hakuulizwa shauri. Jambo hili hutendwa kwa mapenzi, na kwa kuwa hutendwa kwa mapenzi halijapata mtu wa kulikemea. Wachawi hukemewa, walevi hukemewa, watoto wanaowatupa wazazi wao hukemewa katika kila mimbari. Bali mtoto anayemwua mama yake taratibu kwa sukari na kiti hupewa sifa.

Lugha yenyewe imeshirikishwa. Katika mazungumzo ya kila siku mtu mnene husemwa kuwa "ana afya", kana kwamba afya ni kitu kinachoweza kufinywa kwa vidole viwili. Mwembamba ameandaliwa majina ya dhihaka: kimbaombao, ng'onda, gofu la mtu. Hata neno kitambi lina mambo yake. Wazee walilijua kwa maana ya kipande cha nguo cha kujifunga kiunoni au kupiga kilemba, na walilijua pia kwa maana ya tumbo linalomtangulia mwenyewe mlangoni. Wataalamu wa maneno na waamue kama hayo ni maneno mawili au moja. Yote mawili, hata hivyo, mtu aliyavaa ili aonekane kuwa hakosi kitu.

Haifai kuwacheka waliojenga desturi hiyo. Katika nchi ambayo miezi ya kabla ya mavuno ilikuwa miezi ya kuhesabu punje, mafuta ya mwilini yalikuwa ghala, na mwenye ghala aliheshimiwa. Palipokuwa na utajiri wa kutosha, ghala hilo lilifanywa pambo. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alipofika Karagwe, aliwakuta wanawake wa ukoo wa mfalme Rumanika walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama ikawa shida. Akampima mmoja wao kwa utepe, kama fundi cherehani, na karibu naye akamwona binti wa miaka 16 akinywa maziwa kwa amri, baba yake yupo na fimbo mkononi. Kumpima mke wa watu kwa utepe si adabu, na msafiri huyo alikuwa na kiburi cha kutosha. Lakini habari ya ile fimbo inafaa kukumbukwa. Unene wa yule binti ulikuwa fahari ya zizi la baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa kibuyu tu cha kuonyeshea wingi wa ng'ombe. Leo fimbo haipo, ipo sahani, na lipo neno la upole: "Ongeza kidogo, mama, hujala kitu."

Kisha, katika miaka ya 1980, ukaja ukimwi. Huko Uganda watu waliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya wembamba, na madaktari wakauandika kwa jina hilo mwaka 1985. Kwa muda wa kizazi kizima, Uganda, Tanzania na Kenya, mtu aliyepungua kilo chache alizikwa kwa minong'ono angali hai. Wembamba ukaogopwa kuliko ulivyoogopwa zamani wakati wa njaa, kwani njaa ilikuwa ya wote na minong'ono ilikuwa ya mtu mmoja. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Hata sasa mzee anayekonda bila kukusudia yapasa apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa huenda ana kifua kikuu, au saratani, au kisukari chenyewe. Katika neno hili jicho la jamaa huona sawasawa. Kosa lake ni kwamba huona upande mmoja. Mzee akipungua kilo 5, ukoo mzima hupigiana simu. Akiongezeka kilo 15, ukoo mzima humshukuru Mungu.

Shukrani hizo zimekuwa na bei. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofika mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa watu 9 hivi katika kila 100, na shinikizo la damu kwa zaidi ya robo yao. Uzito uliopita kiasi nao ulikutwa kwa kadiri ya robo, wanawake wakiwapita wanaume kwa mbali. Hesabu hizo mbili hazikuchukuliwa mahali pamoja wala kwa njia moja, na mtu mwangalifu hatazitunga katika uzi mmoja kama shanga. Walakini umbali ulio kati yao ni mkubwa mno kufunikwa na tofauti ya vipimo peke yake.

Njia inayomfikisha mzee huko si ya siri, kwani hupitwa mchana kweupe. Mfano wake ni mama wa miaka 62 aliyelima, akatwanga, akachota maji, akalea watoto sita na kuwazika wawili. Mwanawe mmoja amepata kazi Dar es Salaam na amejenga. Kwa haki na shukrani amemwita mama akae naye. Siku ya kwanza mama anaamka alfajiri, anasali, anatafuta ufagio. Ufagio unatolewa mkononi mwake. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu." Siku ya pili anataka kwenda sokoni kuchagua samaki, kazi anayoijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, anaambiwa kwamba jua ni kali na msichana wa kazi atakwenda. Siku ya tatu anaketi kupeta mchele, ungo unachukuliwa. Baada ya juma moja amekwisha fahamu kwamba katika nyumba hiyo kazi yake ni kukaa, na mtu mwenye adabu hafanyi fujo katika nyumba ya watu, hata ikiwa ni nyumba ya mwanawe. Anawekwa mbele ya televisheni. Asubuhi chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na maandazi, saa nne uji, mchana wali, alasiri chai tena, usiku ugali, au wali uliobaki ili usitupwe. Kati ya chakula na chakula hapana hata hatua 200, maana choo ki ndani na bomba li jikoni.

Mwaka mmoja baadaye binti yake anafika kutoka Tanga. Anamkumbatia mama, anamtazama, machozi ya furaha yanamtoka: mama amenawiri, kaka ametunza, wifi amejitahidi. Picha inapigwa na kupelekwa kwa ndugu wote. Hapana amwulizaye mama kama aweza kuinuka kutoka sakafuni bila kushika kitu. Angeulizwa, angesema kwamba tangu Ramadhani iliyopita anasali juu ya kiti. Dini humruhusu asiyeweza kufanya hivyo, wala hapana lawama. Lakini mtu aliyesujudu na kuinuka mara nyingi kila siku kwa miaka 50, kisha magoti yakamkatalia katika mwaka wa kwanza wa raha, anastahili kuulizwa raha hiyo ni ya namna gani. Mwaka wa pili miguu inavimba, na dawa za presha zinapangwa juu ya kabati. Mwaka wa tatu anateleza bafuni. Watu wote wanasema: uzee.

Ati uzee. Uzee umebebeshwa mizigo mingi isiyo yake. Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa majuma matatu ili ijulikane mwili huwaje usipotumiwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, watu wale wale watano walipimwa tena, sasa wakiwa watu wazima wa miaka 50. Ikaonekana kwamba yale majuma matatu ya kulala yalikuwa yamewapunguzia uwezo wa kufanya kazi za nguvu kuliko walivyopunguziwa na miaka 30 ya kuishi. Hao walikuwa vijana. Watu wa miaka 67 kwa wastani waliolazwa kwa siku 10 tu, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, nao waliingia kitandani wakiwa wazima. Mama wa mfano hakulazwa, alikalishwa. Lakini alikalishwa miaka mitatu.

Upande wa pili wa jambo hilo unafurahisha zaidi, na ndio unaowaondolea jamaa udhuru. Mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha habari ya wazee dhaifu 10 waliokuwa wakitunzwa katika makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliopewa kazi ya kuinua vitu vizito kwa miguu kwa majuma 8. Mmoja hakumaliza. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani, yaani zilipita mara mbili na nusu ya zile za mwanzo. Ikiwa nyama ya mtu wa miaka 90 ingali ikiitika inapoitwa, ni nani aliyempa mtoto ruhusa ya kumwandikia mama wa miaka 62 hati ya mwisho wa kazi?

Watetezi wa kiti wana hoja, na hoja yao kubwa haina budi kujibiwa kwa heshima. Husema kwamba kupumzika ni haki ya mzee aliyoichuma kwa jasho la ujana, na katika neno hilo wana shahidi mkubwa. Julius Nyerere, katika maandiko yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, aliwajibu waliodhani kwamba mzee wa kijiji alikuwa akila jasho la wengine: alieleza kuwa mzee huyo aliyeonekana kustarehe alikuwa amekwisha fanya kazi kwa bidii siku zote za ujana wake. Maneno hayo ni kweli. Lakini katika maandiko yale yale Nyerere alikumbusha methali ya mgeni, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tena akaongeza kuwa yumkini mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuona haya kukaa bure. Nyerere mwenyewe alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima.

Haki ya mzee ni kupata sehemu yake ya mavuno hata akiwa hakulima. Hapana mahali palipoandikwa kwamba anyang'anywe jembe. Kumwondolea mtu lazima ya kazi ni heshima. Kumwondolea kazi yenyewe, pamoja na soko, ufagio, ungo na hiari ya kuondoka akaenda atakako, ni kumfanya mgeni. Naye ni mgeni wa ajabu, kwa kuwa siku yake ya tatu haifiki. Mgeni wa methali, akichoka kukaa bure, angeweza kuaga. Mama huyu ataaga kwenda wapi?

Watetezi hao husema tena kwamba mambo ya mazoezi ni ya Wazungu, wanaokula mno kisha wakakimbia barabarani ili kukiondoa walichokila, na kwamba mzee wa Kiafrika tangu zamani alikuwa mtu wa kukaa kivulini akitoa hekima. Jibu liko karibu kuliko Ulaya. Kando ya Ziwa Eyasi, katika Tanzania hii hii, wapo Wahadzabe ambao wangali wakiishi kwa mizizi, asali, matunda na nyama ya porini. Watafiti waliokaa nao katika miaka ya 1980 waliandika, mwaka 1989, habari za mabibi zao: wanawake waliokwisha pita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi zaidi katika kutafuta chakula kuliko wanawake vijana, na kazi yao ilikuwa tegemeo la wajukuu. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2017, ulipima mwendo wao kwa vyombo, ukakuta kwamba Mhadzabe mtu mzima hufanya kazi ya kumpandisha pumzi kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na kwamba shinikizo la damu ni haba miongoni mwao hata kwa wenye umri mkubwa. Hapana asemaye kwamba bibi wa Kariakoo aende Eyasi kuchimba mizizi. Wala maisha ya Wahadzabe si pepo, maana watoto wao wengi hufa wachanga. Lakini hadithi ya mzee wa Kiafrika aliyekaa tangu zamani imekosa mashahidi. Bibi aliyekaa ni mtu mpya. Wazazi wake ni mshahara, bomba na nyumba ya mjini.

Mwanamume ana njia yake ya kukalishwa, na Serikali humwanzishia. Afikapo miaka 60 mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima, na umri huo huo ndio ulioitwa uzee katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Hupewa kiinua mgongo. Jina la malipo hayo ni zuri; laonyesha kwamba waliolitunga walitumaini mgongo utainuka. Nyumbani huwa kinyume chake. Mgongo hutafutiwa mto, gari la mwanawe humpeleka msikitini au kanisani palipo hatua 300 kutoka mlangoni, mjukuu hutumwa kumletea maji yaliyo mezani mbele yake, na jioni marafiki humjia kwa nyama ya kuchoma na maneno ya zamani. Kitambi alichokianza ofisini hukamilika barazani.

Si haki, hata hivyo, kuwatwika lawama watunzaji peke yao, kwa sababu wao wenyewe wameshikwa, na aliyeshikwa kuliko wote ni mkaza mwana. Mume hushinda kazini. Mawifi wako mbali. Mama mkwe yu mikononi mwake toka asubuhi hata usiku, na kila atendalo lina mashahidi. Mama mkwe akionekana njiani na kikapu cha nyanya, jirani atauliza kama nyumba ile haina watu. Akionekana anafua kanga yake, habari zitafika Tanga kabla kanga haijakauka. Akipungua kidogo, hata kama amepungua kwa kutembea na kulala vizuri, mawifi watakuja na swali lao: "Mama, mbona umekonda hivi, hupewi chakula?" Na mama, ambaye labda ana neno lake dogo la tangu harusini juu ya mkaza mwana, atachelewa kidogo kujibu. Mwanamke mwenye akili akiyajua hayo hataleta hoja za madaktari. Ataongeza wali. Wali ni wakili wake mbele ya baraza la mawifi. Unene wa mama mkwe ni hati ya kwamba yeye si mwovu, nayo hati hiyo hudaiwa upya kila sikukuu.

Ndiyo maana mashauri ya daktari hayadumu katika nyumba hizo hata juma moja. Daktari amesema sukari ipunguzwe na chumvi ipunguzwe, na wote wametikisa vichwa. Kisha kuna harusi, na mtu anasema: "Kidogo tu, bibi, leo ni furaha, haina neno." Juma linalofuata kuna hitima, au kipaimara, au mgeni kutoka Mombasa. Mwenye ukoo mkubwa hana siku isiyo na udhuru.

Sasa limezuka kundi jingine, la vijana waliosoma, ambao wamelitupa jicho la jamaa na kununua mizani ya kusimamia. Hao humhesabia mama chapati mbele ya wajukuu wake, humwita kwa majina ya wanyama wakubwa kwa mzaha, na humletea majani ya chai yanayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha tumbo kwa siku 14. Hujiona wako kinyume cha wazazi wao, na kwa kweli ni ndugu zao wa tumbo moja: wote hukagua namna mzee anavyoonekana, hakuna anayetaka kujua anaweza kufanya nini. Mtu wa miaka 70 aliyepunguzwa kilo 10 kwa njaa na dawa za kuharisha hupoteza mafuta pamoja na nyama ambayo ingemzuia asianguke. Mzee mwenye mwili wa kujaa apandaye kilima bila kutweta ana hazina kubwa kuliko mwembamba asiyeweza kujiinua kitini, na hazina hiyo haionekani katika picha wala katika mizani.

Kadiri inayotosha si kubwa. Katika jaribio lililofanywa Marekani, matokeo yake yakatolewa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walisaidiwa kula kwa kiasi, kujishughulisha kwa dakika 150 kila juma, na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao. Idadi ya walioupata ugonjwa ilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliopewa dawa ya metformini ilipungua kwa asilimia 31. Na kwa wenye miaka 60 na zaidi, faida ya mwendo na chakula ilikuwa kubwa kuliko kwa vijana, asilimia 71. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Ni kiasi ambacho jirani akichungulia dirishani hawezi kukiona.

Zile dakika 150 ndizo hizo hizo ambazo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilizitaja kuwa kiwango cha chini kwa watu wazima, wazee wakiwemo; kwa waliofika miaka 65 liliongeza mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu, walau siku tatu katika juma. Hapa watu huona haya. Mama wa makamo akitembea barabarani bila kikapu wala mzigo huulizwa aendako, na akijibu kwamba haendi popote huonekana amepungukiwa. Viatu vya michezo katika mguu wa bibi huchekwa na mtaa mzima. Basi na apewe kikapu. Soko, shamba dogo la mchicha nyuma ya nyumba, safari ya kumpeleka mjukuu chuoni na kumrudisha, ndoo yake mwenyewe ya kufulia: hayo yote yana jina na yana heshima, na yalikuwa yake kabla hayajatolewa mikononi mwake. Njia zenyewe ni mbaya, hilo ni kweli. Bodaboda hupita penye watu na mitaro haina vifuniko, na katika hilo lawama ni ya halmashauri za miji kuliko ya jamaa.

Wapo watoto wabahili watakaoyafurahia maneno haya, wakaona wamepata hoja ya kumfanya mama yao mtumishi asiye na mshahara. Hoja hiyo hawakupewa. Wapo pia mabibi, hasa vijijini, walioachiwa wajukuu yatima, wanaolima wakiwa na miaka 75 kwa sababu wasipolima hawatakula; hao hakuna aliyewakalisha, na wangefurahi kumpata mtu wa kuwapokea jembe hata kwa siku mbili. Shtaka ni la nyumba zenye uwezo, ambamo mzee angeweza kuchagua na hakuachiwa achague.

Mwisho wa mambo hayo huonekana katika wodi za mifupa. Mama aliyeteleza bafuni amevunjika nyonga. Jamaa hawana upungufu siku hiyo: walewale waliokataa asibebe ndoo ya lita 5 huchangishana mamilioni kwa siku mbili, na kitanda huzungukwa na watu toka saa za kuwatazama wagonjwa zinapoanza hata zinapokwisha. Madaktari huunga mfupa kwa chuma. Kesho yake mtaalamu wa viungo huja na fremu ya kutembelea, akitaka mgonjwa asimame na kupiga hatua mbili tatu, kwa kuwa kila siku ya kulala huongeza hatari ya mapafu kuugua, damu kuganda na miguu kudhoofu. Wanawe, chupa ya chai na bakuli la supu mikononi, humzuia kwa upole: amwache mama apumzike, mama amechoka. Mtaalamu hueleza, nao hukubali. Keshokutwa hana budi kueleza upya toka mwanzo, maana zamu ya kitandani imeshikwa na ndugu mwingine, na bakuli ni jingine.